Walimu wapewe daftari sawa, ila saini ya mkuu isiwepo

Siku hizi semina za walimu zina kipengele kipya. Mwezeshaji akishamaliza slaidi zake za afya ya akili anagawa vidaftari, vingine vina maua kwenye jalada, anawaambia walimu kila siku kabla ya kulala muandike mnavyojisikia, mkichoka kuandika mchore, mbandike picha, mtunge shairi, mpake rangi, ilimradi kilichoko kifuani kitoke. Inapigwa picha ya pamoja, watu wanakunywa chai na sambusa, wanasaini nauli wanarudi vituoni. Picha ikishafika kwenye magrupu ya WhatsApp ndo ugomvi unaanza, wapo wanaosema hii ndo dawa tuliyokuwa tunaisubiri na wapo wanaosema huu ni utani, mtu anadai malimbikizo ya mshahara miaka mitatu we unampa daftari la maua. Nimewasoma wote na naona wanabishania kitu ambacho sicho. Daftari linamsaidia mwalimu, ushahidi upo, ila halimsaidii kwa kumfundisha uvumilivu na wala sio mbadala wa anachodai. Linamsaidia kwa sababu ni maandishi pekee kwenye maisha yake ya kazi ambayo bosi hayasomi. Ondoa hilo moja tu, weka sehemu ya saini ya mkuu wa shule, utakuwa umeongeza karatasi nyingine kwenye mrundo na dawa imekwisha.

Ambaye hajawahi kukaa ofisi ya walimu anaweza asielewe kwa nini naanzia kwenye saini. Mwalimu wa Tanzania anaandika sana, pengine kumzidi mwandishi wa habari. Kuna azimio la kazi, kuna andalio la somo, kuna nukuu za somo, kuna shajara unayojaza mada uliyofundisha na tarehe uliyoanza na uliyomaliza, kuna mahudhurio, kuna kitabu cha zamu kinachoandikwa nani kachelewa na uji ulichelewa kwa nini, kuna alama za majaribio, halafu kuna tathmini yake mwenyewe kama mtumishi wa umma, ambayo zamani ilikuwa OPRAS ya makaratasi na sasa ni PEPMIS ya mtandaoni, na hiyo ukitaka kujua uchungu wake muulize mwalimu ambaye kwake mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Vyote hivyo kuna mtu anavipitia. Mkuu wa shule anapitia, afisa elimu kata akija anapitia, wathibiti ubora nao wakitua wanaulizia mafaili. Sasa angalia neno lenyewe, shajara. Kwenye kamusi ni kitabu cha mtu kuandika mambo yake ya kila siku, lakini mwambie mwalimu wa shule ya msingi "lete shajara" uone anavyokimbilia kabatini kuangalia kama amejaza mpaka wiki hii. Sekondari ndo kabisa, ile janali ya darasa anayotembea nayo monita ipo ili ionekane nani kaingia kipindi na nani hakuingia. Kwa hiyo unapomwambia mwalimu aandike janali kwa ajili ya afya yake, kichwani kwake neno hilo tayari lina mwenyewe, na mwenyewe sio yeye.

Na huyo anayeambiwa aandike amebeba nini? Tuanze na darasa. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 wazazi waliitikia, jambo zuri kabisa, watoto waliokuwa wanabaki nyumbani kwa sababu ya ada na michango wakaja, ila vyumba na walimu havikuongezeka kwa mwendo huohuo. Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa chumba, uhalisia wa shule nyingi unaujua. Chukua darasa la watoto 90, kila daftari lipe dakika moja tu ya kusahihisha, tayari ni saa moja na nusu, na hapo ni somo moja la mkondo mmoja. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza, mwalimu anaisoma huku anaifundisha. Ukitoka darasani kuna uhamisho, mke yuko Kigoma mume yuko Lindi, magrupu ya kubadilishana vituo yamejaa matangazo ya "nipo Tunduru nataka Moshi" ambayo yanazeeka humohumo. Kuna upandishaji wa madaraja uliosimama mwaka 2016 wakati wa uhakiki wa watumishi na watu mpaka leo wanapiga hesabu ya walichopoteza, kuna ile nyongeza ya mshahara ya 23.3% ya mwaka 2022 ambayo watu waliishangilia Mei halafu Julai wakaangalia salari slipu wakakuta vijisenti, kumbe asilimia ile ilikuwa ya kima cha chini, kuna kikokotoo cha mafao ya kustaafu, ile sehemu mtu anayolipwa kwa mkupuo, ambacho hata kilipopanda kutoka 33% mpaka 40% kwenye bajeti ya 2024/25 bado mtu anayeikaribia 60 hapati usingizi. Na katikati ya yote hayo kuna mikopo ya kausha damu, mtu mzima anaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji, mwisho wa mwezi anasubiri kumegewa mshahara wake mwenyewe kama mtoto anayesubiri hela ya maandazi. UNESCO kwenye ripoti yake ya walimu ya 2024 inasema duniani kiwango cha walimu wa msingi wanaoacha kazi kimetoka karibu 4.6% mwaka 2015 kikafika karibu 9.1% mwaka 2022. Kwetu wengi hawaachi, wataacha waende wapi, wanabaki mwili uko darasani roho iko njia ya kwenda kwao, na huyo hesabu ya walioacha haimuoni.

Ndo maana swali la kama kuandika kunafaa sio la kucheka. Aliyeleta ushahidi wa mwanzo unaotajwa sana ni mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker. Mwaka 1986 yeye na Sandra Beall walitoa utafiti mdogo tu, waliwachukua wanafunzi wa chuo wakawaambia waandike dakika 15 kwa siku nne mfululizo, kuna walioandika mambo ya kawaida yasiyo na uzito na kuna walioandika jambo lililowaumiza sana maishani. Hao wa pili nao waligawanywa, wengine matukio matupu, wengine hisia tupu, wengine vyote kwa pamoja, kilichotokea na jinsi walivyojisikia. Kundi hilo la vyote kwa pamoja ndo ambalo miezi iliyofuata lilikwenda kituo cha afya cha chuo mara chache zaidi. Ila kuna kipande ambacho wagawa madaftari huwa hawakisemi, kwamba siku yenyewe ya kuandika watu hao walijisikia vibaya zaidi kuliko walivyoingia. Mwaka 1994 Pennebaker na wenzake wakajaribu kwa wataalamu walioachishwa kazi, wale walioandika machungu yao ya kuachishwa walipata kazi mpya mapema kuliko ambao hawakuandika, na huu mi naupenda kuliko ule wa kwanza maana ni watu wazima wenye hasira na mwajiri, sio wanafunzi. Baadaye tafiti zikawa nyingi, 2006 Joanne Frattaroli akazikusanya 146 akazichambua kwa mkupuo mmoja, jibu likatoka ndiyo kunasaidia, ila kidogo. Na sio kwa kila mtu. Mwaka 2013 David Sbarra na wenzake waliwaandikisha watu waliotoka kuachana na wenzi wao, wakakuta kwamba wale wenye tabia ya kulitafuna jambo hilohilo kichwani kutwa kucha, kuandika machungu kuliwachelewesha kupona. Kwa hiyo mwezeshaji anayesimama mbele ya walimu 60 na kuwaambia wote andikeni maumivu yenu kila usiku anagawa kidonge kimoja kwa wagonjwa wa kila aina. Lakini pia kwa kitu kinachogharimu kalamu na kaunta buku la kwaya mbili, huko kusaidia kidogo si haba, hasa kwa mwalimu wa kijijini ambaye mshauri nasaha wa karibu yuko makao makuu ya wilaya na nauli ya boda kwenda na kurudi ni hela ya mboga ya wiki.

Hoja ya wanaopinga iliyo nzito ni ile ya hela. Wanasema mwalimu hana tatizo la hisia, ana tatizo la mshahara, nyumba, madaraja na watoto 90, ukimpa daftari unamhamisha kutoka kwenye madai kwenda kwenye maombolezo. Hii siibishii kwa sababu kwa sehemu kubwa ni kweli, na mfano ninaoukumbuka kila nikiisikia unatoka mbali, Korea Kusini. Julai 2023 mwalimu kijana wa shule ya msingi jijini Seoul, yuko mwaka wa pili tu kazini, alijitoa uhai. Alikuwa anaandika daftari lake. Chama cha walimu kwa ridhaa ya familia kilitoa hadharani sehemu ya aliyokuwa ameyaandika siku za mwisho, kazi imemlemea, mambo ya mwanafunzi mmoja yamemlemea, anahisi kukosa hewa. Kuandika hakukumuokoa, na yeyote anayeuza daftari kama kinga inabidi akae kwanza na hilo. Ila angalia kilichofuata. Walimu maelfu kwa maelfu walijaa barabarani Jumamosi baada ya Jumamosi wakiwa na nguo nyeusi, Septemba 4 wengi hawakwenda kazini, na Septemba 21 mwaka huohuo bunge likapitisha marekebisho ya sheria kuwalinda walimu na malalamiko ya wazazi yasiyo na msingi. Maneno ya mwalimu mmoja yalibebwa na chama yakawa ushahidi. Kwa hiyo wanaosema daftari linaua madai wamekosea hapo tu, inategemea liko mikononi mwa nani na linaishia wapi. Mwalimu aliyeandika tarehe, kipindi, idadi ya watoto, nani alimwambia nini, siku akienda kwa kiongozi wake wa chama anakwenda na kitu mkononi, tofauti na mwenzake anayesema "yaani tunateseka sana" akiulizwa lini na wapi anakuna kichwa.

Halafu kuna hoja dhaifu ambayo ndo inapigiwa makofi kuliko zote, kwamba kuandika hisia ni uzungu, sisi Waafrika tunaongea, tuna vijiwe, tuna majirani, tuna bibi. Hapana jamani. Kwanza hao wenye vijiwe waliulize hilo la kuongea kwa mwalimu wa kike aliyepangiwa kijiji ambacho hajui hata lugha ya pale, anaongea na nani, na mume wa mwenyekiti wa kikundi? Pili, kama kuna watu duniani waliozoea kuandika wasichoweza kusema usoni ni sisi. Kanga ni nini? Mwanamke ana jambo na jirani, haendi kugombana, ananunua kanga yenye msemo unaomhusu anaivaa anapita nayo uani mara mbili, ujumbe umefika. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza 1923, na lilikuwa la idara ya elimu ya serikali ya kikoloni, watu walilijaza mashairi ya ugomvi na maswali na kuombana ushauri, na enzi hizo waliojua kusoma na kuandika wengi walikuwa haohao walimu na makarani. Aliyesoma bweni atakumbuka madaftari ya nyimbo na misemo tuliyoficha chini ya godoro. Vidaftari vya maua ndo vigeni, na stika zake, na kale kasauti ka mwezeshaji. Kitendo chenyewe ni cha hapahapa.

Upande wa wanaounga mkono nao wana uozo wao na mi naona ndo mbaya zaidi kwa sababu unatoka juu. Wanalitumia neno ustahimilivu. Mwalimu ajengewe ustahimilivu, ajifunze kukabiliana na changamoto, atumie daftari kujitathmini. Ukilisikiliza vizuri maana yake ni kwamba tatizo limehamishiwa ndani ya mwalimu, darasa la 90 limebaki pale pale ila sasa kosa ni lake kwa kutostahimili vizuri. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipoingiza uchovu wa kazi uliopitiliza kwenye orodha yake mpya ya magonjwa lilikuwa makini hapo, liliuita hali inayohusu kazi, sio ugonjwa wa mtu, na likasema unatokana na stresi ya kudumu ya kazini ambayo haijashughulikiwa ipasavyo. Stresi ya kazini. Chanzo kimetajwa kiko wapi, sasa ofisi inayosababisha stresi ikigawa madaftari na kuondoka imetibu nini.

Narudi kwenye saini. Nimewahi kufundisha, sio miaka mingi, na shule moja niliyopita ilianzisha kitu kizuri kwa nia nzuri, kila mwalimu awe na daftari la tafakari, Ijumaa linakusanywa mkuu anapitia "ili ajue walimu wake wana hali gani". Wiki ya kwanza mwenzetu mmoja akaandika ukweli, kwamba vikao vya jioni vinamtoa roho na mtoto wake mchanga. Jumatatu tukausikia ukweli huo kwenye kikao cha jioni, bila jina, ila ofisi nzima mwenye mtoto mchanga alikuwa mmoja. Wiki ya pili wote tuliandika "wiki imekwenda vizuri, namshukuru Mungu", wiki ya tatu kuna walioanza kunakiliana. Mimi daftari langu la kweli lilikuwa lingine, nyuma ya kitabu cha mazoezi, na lina ubeti huu ambao siuonei fahari ila ulinifikisha likizo:

Chaki imebaki punje, kengele haijalia,
Meno ninayatoa nje, moyoni naugulia.

Hapo ndo nilipoelewa kwa nini uwe uandishi wa kubuni na sio wa kumimina tu. Watu wanadhani shairi, hadithi na michoro ni mapambo ya kufanya zoezi lisichoshe, ila kwa mwalimu kazi yake ni kubwa zaidi. Ukihesabu mizani nane kwa nane akili inalazimika kutoka kwenye lile duara la "kwa nini mimi" ikatafute neno lenye silabi tatu linaloishia na "nje", na hapo katikati hasira inapoa bila kuambiwa ipoe. Ukiandika kisa chako kwa nafsi ya tatu, "Mwalimu Fulani leo kaamka saa kumi", unajiona kwa mbali kidogo, na wanasaikolojia kama Ethan Kross wamefanyia kazi hilo la kujitazama kama mtu mwingine wakaona linatuliza. Na juu ya yote kuna usalama. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Daftari likidakwa na mtu likakutwa lina hadithi ya punda aliyebebeshwa magunia tisini na mwenye shamba asiyejua kuhesabu, nani atakuandikia barua ya kujieleza kwa hadithi ya punda? Kwa wale wanaotafuna jambo kutwa, kina wale wa utafiti wa Sbarra, mi naona punda anaweza kuwafaa kuliko kurudia tukio lilelile neno kwa neno kila usiku, ingawa hapo ni maoni yangu sio maabara.

Sasa likichukuliwa hivyo kuna mambo yanabadilika. Kwanza muda, haiwezekani kumwambia mtu aandike kabla ya kulala wakati kabla ya kulala ndo anasahihisha, shule inayotaka kweli itoe dakika 15 ndani ya saa za kazi, hata Ijumaa tu, na ipunguze kitu kimoja cha kujaza. Mpango wa MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tayari umewakalisha walimu kwenye jumuiya za ujifunzaji hukohuko shuleni, kikao kipo, hakihitaji bajeti ya sambusa. Ila hapo kwenye jumuiya kinacholetwa ni kile mwalimu mwenyewe amechagua kuleta, na wengi hawataleta kitu na hiyo iwe sawa. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Turkana, Kenya, kulikuwa na mradi wa Teachers for Teachers wa Teachers College ya Columbia, walimu ambao wengi wao ni wakimbizi wenyewe walipewa mafunzo, wakafundishana wenyewe kwa wenyewe na kupata ushauri kwa simu kwenye WhatsApp, na ninachokipenda pale ni kwamba mtu wa kumsikiliza mwalimu alikuwa mwalimu, aliye kwenye darasa lilelile lililofurika. Daftari la faragha na mwenzako mmoja unayemuamini vinaenda pamoja, kimoja bila kingine kinachechemea. Pili, anayeonekana amezama, halali, hali, anaandika mambo ya kutotaka kuishi, huyo sio wa daftari, huyo ni wa hospitali na leoleo, na mwenzake asiogope kumshika mkono.

Tatu ni hawa wafadhili na maafisa wanaopenda takwimu. Watataka ripoti, ni walimu wangapi wanaandika, mara ngapi kwa wiki, kurasa ngapi, na najua kabisa kuna mtu sasa hivi anatengeneza fomu ya ufuatiliaji yenye safu ya maoni ya msimamizi. Fomu hiyo isichapishwe. Mwezeshaji agawe makaunta buku yake, ya kawaida tu bila maua, aeleze dakika 15 na punda na mizani, aende zake, na siku akiulizwa ni walimu wangapi walioandika ajibu kwamba hajui.